Siku ya Kubadilishana

Mwezi uliopita mzazi mmoja alinijia shuleni na karatasi ya rangi nne. Ilikuwa ratiba ya marudio ya binti yake kabla ya mtihani: hesabu kwa kijani, fizikia kwa njano, kemia kwa waridi, biolojia kwa bluu, na kila saa ilikuwa na kisanduku chake, hata saa ya kunywa maji. Aliitandaza juu ya meza yangu, akailainisha kwa viganja, akaniomba mimi, mwalimu wa fizikia, nitazame kama kuna kilichosahaulika. Nilimwuliza binti mwenyewe anasemaje. Akajibu kwamba binti bado hajaiona, ni yeye baba aliyeichora kwa wiki nzima. Nikamwambia kwamba mtu anayeipenda rula kiasi hicho afadhali awe seremala. Aliondoka amenuna na sikumfuata kumwomba radhi. Kosa lake lilikuwa dogo tu, alinikumbusha baba yangu.

Baba alikuwa karani wa stoo katika maabara ya kampuni ya shaba, pale Kolwezi. Nasema karani kwa sababu ndivyo alivyokuwa, ingawa yeye alipenda kusema anafanya kazi labo, akaishia hapo, ili msikilizaji ajaze mwenyewe. Kazi yake ilikuwa kupokea chupa, kuziandika kwenye rejista na kuzitoa kwa watu waliojua kilichomo ndani. Kwa kazi hiyo alifunga tai kila asubuhi. Alikuwa na rula ya chuma aliyoiviringisha katika kitambaa cha flaneli, na kalamu mbili, nyekundu na nyeusi, na ole wake mtoto atakayezigusa. Mbele ya karatasi tupu alipata furaha ambayo sikumwona nayo mbele ya mke wake wala watoto wake. Alituchorea ratiba ya kufagia, ratiba ya kuoga na ratiba ya kuchota maji, na hii ya mwisho iliendelea hata mabomba yalipokauka. Maji hayakuwepo, lakini zamu yangu ya kuyachota ilikuwepo, saa kumi na mbili na robo.

Mwaka ninaousimulia nilikuwa na miaka kumi na mitatu, na ratiba kubwa kuliko zote ilikuwa ya mtihani. Mwishoni mwa mwaka wa pili wa sekondari tulipimwa hesabu na sayansi, na mtihani huo ndio uliomgawa mtu. Aliyefaulu alikwenda sehemu ya math-fizik, walikotoka mainjinia. Msichana aliyeanguka alipelekwa kushona. Shangazi yangu alipelekwa kushona, na miaka yote niliyomjua alikuwa na cherehani isiyo na sindano, ameifunika kitambaa cheupe na kuweka maua ya plastiki juu yake. Niliiogopa cherehani ile kuliko nilivyomwogopa shetani wa katekisimu. Kichwani mwangu dunia ilikuwa na njia mbili tu, na njia nzuri ilipita katika ratiba ya baba, ya wiki nane, iliyobandikwa kwa uji wa unga ukutani sebuleni. Mende waliila pembeni kwa sababu ya ule unga.

Ratiba ile ilikuwa na safu mbili, moja yenye jina langu, Ngoie, na nyingine yenye jina la Ngalula. Ngalula alikuwa binti wa jirani. Lupango yao, yaani kiwanja chao cha nyumba, na yetu zilitenganishwa na ua wa miti tu. Tulikuwa darasa moja, na kila mmoja wetu alikuwa na daftari moja. Nyinyi wa rika langu mnakumbuka kwamba duka la kampuni lilikuwa limebaki na chumvi, viberiti na muuzaji aliyelala juu ya kaunta, na kwamba daftari lilikuwa kitu cha kumwomba padri. Kwa hiyo tuligawana. Somo la hesabu likianza, mimi niliandika kwa ajili yetu wawili na Ngalula akakunja mikono akasikiliza. Somo la sayansi likianza, yeye aliandika na mimi nikasikiliza. Jumatano na Jumamosi, saa tisa, tulibadilishana madaftari juu ya ua. Baba aliupenda mpango huo kwa sababu ulimpa nafasi ya kutumia wino mwekundu. Jumatano: kubadilishana. Jumamosi: kubadilishana.

Mpango ulikuwa na kasoro moja ambayo baba hakuiona, maana haikuchoreka. Anayesikiliza ndiye anayeelewa. Ngalula alisikiliza hesabu akazielewa, na sayansi aliielewa hata akiwa anaandika. Mimi nilipopewa nafasi ya kusikiliza, niliota ndoto za mchana. Kwa hiyo yeye alijua yote mawili, nami nilikuwa na mwandiko mzuri. Nilimpenda Ngalula, lakini kwa jambo hilo sikumsamehe.

Baba yake, tata Ngalula kama tulivyomwita, alikuwa mkubwa wa maabara ile ile ambayo baba yangu aliitunzia chupa. Walikuwa watu wa Kasai, jimbo la jirani, ingawa yeye alizaliwa hapo hapo Kolwezi; aliyeletwa na treni kuja kuchimba shaba alikuwa baba yake. Alikuwa mtu mfupi, mkimya, shati lake lina vitobo vidogo vya asidi tumboni. Jumamosi moja alituita barazani, akavunja jiwe la kijani, mojawapo ya yale mawe tuliyoyaokota sisi watoto kando ya barabara, akalitia ndani ya glasi na kudondoshea asidi. Jiwe lilichemka bila moto. Kisha alifungua chupa ndogo ya amonia, pua zikatuwasha na machozi yakatutoka, akaongeza matone, na yale maji ya kijani hafifu yakageuka bluu ambayo sijaiona tena kwenye kitenge chochote. Hakutueleza kitu kwanza. Alituuliza tunaona nini, na ukimjibu kwa maneno ya daftari alikutazama tu akangoja. Ngalula alimwomba amwandikishe kazi yake nzima, naye akamwandikisha, kurasa tisa za mwisho za daftari la sayansi: jinsi shaba iliyomo ndani ya jiwe inavyopimwa, hatua kwa hatua, tangu kulisaga hadi tone la mwisho. Kwa mtihani wetu kurasa zile hazikuwa na faida yoyote.

Halafu mambo yakaharibika. Kwanza ulikwisha unga wa kampuni, halafu mishahara, halafu walimu wakagoma, wakarudi, wakagoma tena. Wanaume waliokosa kazi ya kufanya walitafutiwa kazi. Katika mikutano na redioni waliambiwa kwamba njaa yao imeletwa na watu wa Kasai, ambao wamekula vyeo vyote na sasa warudi kwao. Wakaitwa bilulu, yaani wadudu. Ngalula alikuwa ameandika katika daftari letu kwamba mdudu ana miguu sita na mwili wa sehemu tatu, na amechora vizuri, kwa hiyo neno hilo nililiona la kijinga tu, kama matusi ya walevi. Baba alilitamka mara ya kwanza kwa sauti ya chini. Mara ya pili alilitamka mezani, na mama akaacha tonge la bukari mkononi bila kulitia mdomoni. Sisi wenyewe tulitoka kaskazini, upande wa Manono, na Kiluba chetu na chao vilikaribiana hivi kwamba mama na mama Ngalula walisengenya watu kwa lugha mbili bila mkalimani.

Jioni moja, wiki mbili baada ya ratiba kuanza, tata Ngalula alikuja kwenye ua akamwita baba. Mimi nilikuwa nyuma ya gunia la makaa.

"Tata Ngoie," alisema, "sisi tutatoka, haiko siri tena. Acha Ngalula abakie kwenu paka examen. Wiki sita tu. Batamwita jina yenu. Nani atajua?"

Baba alijibu kwamba atafikiri juu ya kumweka Ngalula mpaka mtihani. Akaingia ndani, akaviringua flaneli, akatoa rula na karatasi mpya. Nilijua anachofanya: anamwingiza Ngalula katika ratiba zetu, ya kufagia, ya kuoga na ya maji. Nilikwisha kupanga atalala upande gani wa godoro, na nikaanza pia kuhesabu samaki, kama watabaki wa kututosha. Nilimtazama baba akipiga mistari, ulimi umetoka pembeni mwa mdomo, nikaenda kulala nikijua kwamba jambo limekwisha.

Asubuhi ratiba mpya ya mtihani ilikuwa ukutani. Ilikuwa safi sana na ilikuwa na safu moja. Nilimwuliza ya Ngalula iko wapi.

"Batu banaenda," alisema baba, akipuliza wino ukauke. "Programu inabakia."

Mama alitoka nje na ufagio, akafagia mahali palipokwisha kufagiliwa. Mimi nilibaki ndani nikitazama karatasi. Naona aibu kuandika hili, lakini nimelibeba muda mrefu mno kulificha: safu ile pana, yenye jina langu peke yangu, ilinipendeza.

Walitolewa Jumatano. Vijana walikuja barabarani wamejifunga majani kichwani, wana fimbo, wanaimba, na miongoni mwao niliwatambua wawili waliokuwa wakiniomba niwafanyie kazi za shule. Tata Ngalula alikuwa amekwisha kufunga godoro kwa kamba. Hakungoja kusukumwa. Walitoka kwa mstari, yeye na godoro, mama Ngalula na sufuria, Ngalula amembeba mgongoni mdogo wake Tshibangu, wakaelekea stesheni. Baba alisimama mlangoni na tai yake. Alipoona ninatazama, alitazama saa.

Saa tisa nilikwenda kwenye ua na daftari la sayansi mkononi. Nilisimama pale muda mrefu. Kilichoniuma, naapa, kilikuwa kwamba ameondoka na hesabu zangu. Nilimwona mtu asiye na adabu, anayeondoka siku ya kubadilishana bila kubadilishana.

Msinicheke sana. Kila mwaka wakati wa kiangazi kampuni iliwapa akina Ngalula tiketi za likizo, nao walipanda treni kwenda Kasai na kurudi na mawese na nguo mpya. Nilidhani hii nayo ni likizo, imewahi tu, na imefanywa kwa ukali kwa sababu kampuni imefilisika hata adabu. Nikachukua penseli. Tulikuwa tumefundishwa mafumbo ya treni: inatoka hapa, kasi ni hii, itafika lini. Treni inapanda mpaka Tenke, inageuka kaskazini kuelekea Kamina, kisha Mwene-Ditu. Siku mbili. Kumsalimia bibi, siku tatu. Kurudi, siku mbili. Jumla wiki moja, na mtihani ulikuwa bado wiki sita. Nilipiga mstari chini ya jibu, mara mbili, kama baba.

Wiki ya pili baada ya hapo baba alirudi nyumbani akinuka amonia. Harufu iliingia mlangoni kabla yake, na mimi, kwa mazoea ya mwili tu, niligeuka kumtafuta tata Ngalula. Kumbe baba amefanywa mkubwa wa maabara. Alikuwa na chupa mikononi mwake miaka kumi na mmoja, wakafikiri anajua kilichomo. Siku ya kwanza alivunja moja, akatokwa machozi mbele ya wafanyakazi wote, na mama alisimuliwa sokoni kwamba wengine walitokwa machozi kwa kucheka. Jioni ile baba aliniomba daftari la sayansi, eti aone kama linatunzwa vizuri.

Hakulirudisha. Kila asubuhi, kabla ya kazi, aliketi na tai yake akasoma kurasa tisa za mwisho, kidole chini ya kila mstari, midomo ikicheza. Mkubwa wa maabara alikuwa anajifunza kazi katika daftari la mtoto wa miaka kumi na mitatu ambaye yeye mwenyewe alimfuta kwenye ratiba. Asubuhi moja aliniita. Alisema hapa imeandikwa mpaka rangi ipotee, je, ni rangi gani? Nilimwambia sijui, siku ile niliota. Alikasirika, akaniambia ndiyo maana nitaishia kushona. Kesho yake niliona ukutani, chini ya jina langu, amejiongezea kisanduku cha wino mwekundu: Baba, saa kumi na moja na nusu, sayansi. Majibu yaliyotoka kwenye maabara yake yalikuwa ya ajabu. Mchanga ule ule wa Kingamyambo, lundo la mabaki ya mgodi, ulikuwa na shaba tele Jumanne, na Alhamisi haukuwa na shaba kabisa, na baba aliyaandika majibu yote mawili kwa rula.

Siku moja mama alirudi kutoka sokoni akasema kwamba treni haijaja. Walikuwa bado stesheni, wote, wiki ya tano sasa, mwendo wa nusu saa kutoka kwetu. Sikuelewa. Kwa hesabu yangu walipaswa kuwa wamekwenda na kurudi. Baba yeye alielewa mara moja faida ya jambo hilo. Aliniagiza niende nikachukue daftari la hesabu, maana mtihani umekaribia.

"Ile ya siyansi ibakie hapa," alisema. "Iko na kazi."

Mama alinifungia viazi vitamu katika kitambaa, alifunga fundo na kulifungua na kulifunga tena. Nilichagua kwenda Jumatano, nifike saa tisa. Nilikuwa mtu wa ratiba, damu haipotei.

Stesheni ilikuwa imejaa kuanzia ofisi hadi mwisho wa reli. Watu walilala chini ya maturubali na magunia yaliyoshonwa pamoja, wakapika juu ya mawe ya reli, na upepo wa kiangazi ulikuwa umeanza, upepo wa baridi na vumbi la kijivu, na kila upande mtoto alikuwa akikohoa. Nyuma ya ghala la mizigo niliona matuta mafupi yaliyopangwa vizuri, udongo bado mpya. Nilifurahi kuona wamelima viazi. Niliona ni watu wenye akili, hawakai bure.

Ngalula alikuwa amesimama ameuelekea upande ninaotokea. Nywele zake zilikuwa zimenyolewa na miguu imekuwa myembamba. Mkononi alikuwa na daftari la hesabu, amelifunga katika mfuko wa plastiki.

"Nilijua utakuya," alisema. "Leo ni Jumatano."

Nilimpa viazi, nikamwambia kwamba nimeviona vyao pia, nyuma ya ghala, vitaota vizuri. Alinitazama. Akasema pale hakuna viazi, Tshibangu yuko pale, wa tatu kutoka mwisho. Alilisema taratibu, kama mtu anayemwonyesha mgeni njia. Mimi nikasema ahaa. Miaka imepita na sijapata neno jingine la kuweka mahali pale, lakini mtu mwenye utu angalau angenyamaza.

Baba yake alikuwa amelala juu ya lile godoro, uso umekuwa wa manjano. Aliniuliza nani anapima sasa kule labo. Nikamjibu, kwa kujivuna kidogo, kwamba ni baba. Yeye akaniambia nimwambie baba asiifungue amonia karibu na uso, aishike mbali na aifungue dirishani. Ujumbe huo sikuufikisha.

Ngalula alichukua penseli, akaandika kitu haraka kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari la hesabu, akalifunga katika plastiki akanipa. Halafu alinyoosha mkono mwingine kupokea la sayansi. Nilimwambia nimelisahau nyumbani. Alitazama mikono yangu, akatazama kitambaa cha viazi, kana kwamba linaweza kuwa humo. Nikasema Jumamosi. Nikaapa kwa Mungu na kwa mama yangu, Jumamosi saa tisa. Na ili nisione uso wake nikaanza kumweleza hesabu yangu ya treni, Tenke, Kamina, Mwene-Ditu, siku mbili, siku tatu, siku mbili, na kwamba hata sasa, ikija kesho, atawahi mtihani. Alinisikiliza kama alivyosikiliza darasani, amekunja mikono.

"Uliweka siku ya kwenda na siku ya kurudia," alisema. "Siku ya kungojea, haukuiweka."

Jumamosi baba alitoka kwenda kwenye mazishi ya mfanyakazi mwenzake, na daftari la sayansi lilibaki mezani. Mnaweza kunitafutia udhuru, kwamba nilikuwa mtoto, kwamba baba alikuwa mkali, kwamba vijana wa fimbo walikuwa barabarani. Asanteni. Barabara ilikuwa tupu na mama alikuwa amekwisha kuchemsha viazi vingine. Saa nane nilikuwa nayo madaftari yote mawili mbele yangu, kwa mara ya kwanza tangu mwaka uanze, na ratiba ya safu moja haikuwa na kubadilishana, kwa sababu mtu hawezi kubadilishana na nafsi yake. Mama aliuliza kama ninakwenda. Nilimjibu nina marudio. Nikarudia jinsi majani yanavyotumia mwanga kujitengenezea chakula, kwa mwandiko wa Ngalula, mpaka saa kumi na moja.

Treni ilikuja Jumapili. Walisema watu walipanda hadi juu ya mabehewa. Jumatatu, kabla ya shule, nilizungukia huko, na stesheni ilikuwa imebaki na majivu, vitambaa na yale matuta.

Sasa niwaambie juu ya mtihani wenyewe, ule uliogharimu yote hayo. Nusu ya madawati yalikuwa matupu. Mwalimu wa hesabu, mtu wa Kasai, alikuwa ameondoka na treni ile ile, kwa hiyo maswali yalisomwa na mwalimu wa mazoezi ya viungo, kutoka karatasi aliyoishika mbali na macho. Lilikuja fumbo la treni. Lilikuwa na kasi na saa ya kuondoka, lakini umbali haukutajwa. Mmoja wetu aliuliza. Mwalimu aligeuza karatasi, akatazama nyuma yake, akasema kila mtu aweke umbali anaoupenda. Wiki iliyofuata majina yalibandikwa, na tulikuwa tumefaulu sote. Alifaulu hata msichana aliyekuwa nyumbani na malaria siku zote mbili. Darasa la math-fizik lilitakiwa lijae, la sivyo shule ingelipoteza, na watu wa kulijaza walikuwa sisi tu. Baba alilia kwa furaha, akasema ni matunda ya programu. Na kwa kuwa mwalimu wa fizikia hakupatikana, mwaka mzima saa za fizikia alipewa mwalimu wa kushona, akae mbele atuzuie kupiga kelele.

Fizikia nilijifunza baadaye, kwa shida, na watu waliokuwa wakiuliza unaona nini. Baba alikufa akiwa na cheo chake, ingawa maabara ilifungwa zamani. Kwenye mazishi walisimama wazee watatu mmoja baada ya mwingine wakasema tumempoteza mtu wa sayansi, na mimi nilitazama viatu vyangu. Katika sanduku lake nilikuta rula katika flaneli yake, na daftari la sayansi. Kwenye jalada jina la Ngalula lilikuwa limekatwa kwa mstari mwekundu ulionyooka sana, na juu yake ameandika lake.

Nimeliweka pamoja na lile la hesabu. Wananiambia kwamba siku hizi mtu hutafutwa kwa simu na kupatikana hata akiwa Mwene-Ditu au Ulaya. Najua. Ninayo simu. Kumtafuta si kazi. Kazi ni kufika mbele yake na madaftari yote mawili.

Ukurasa wa mwisho wa lile la hesabu ndio huu, kwa penseli. Jumatano: hakukuya. Jumamosi: hakukuya. Jumatano: hakukuya. Inashuka hivyo, mstari kwa mstari, wiki nne na nusu, bila rula. Halafu, kwa mwandiko wa haraka: Jumatano, Ngoie amekuya. Na chini yake: Jumamosi, nukta mbili, na nafasi tupu ya kujaza. Niliuona ukurasa huo Jumamosi ile ile, saa nane na dakika chache, kisha nikafungua ukurasa wa majani.